Anataka nimwandikie mkewe "vidonge vya damu"

SWALI

Shikamoo mshauri. Mimi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu huku wilayani Kilosa. Kozi nimesoma na kibali ninacho. Naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni, na hapa dukani niko peke yangu, sina mwenzangu wa kumuuliza.

Kuna kijana wa bodaboda, mteja wangu wa siku nyingi. Juzi alikuja jioni nikikaribia kufunga, akasubiri watu waishe ndipo akasogea dirishani. Alianza na "dokta, nilikuwa na UTI", lakini nilipomuuliza vizuri ikawa si UTI. Alikuwa anatoka usaha na haja ndogo inamuwasha moto. Akaniambia ameshakwenda zahanati, akadungwa sindano na kupewa vidonge, na sasa yuko sawa. Wakamwambia amlete na mkewe atibiwe. Hapo ndipo alipokwama. Mkewe ana mimba ya miezi mitano, na kijana hathubutu kumwambia. Anasema akisema tu, ndoa imekwisha, na wakwe zake ni watu wa hapa hapa kijijini.

Sasa anataka nimpe doksisaiklini na Flagyl, dozi kamili, hela anayo. Ila nivitoe vyote kwenye pakiti zake, nivitie kwenye ile bahasha ndogo ya dawa, nje niandike 1×2 na neno "damu". Atampelekea mkewe na kumwambia ni vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu kweli kliniki walimwambia damu yake iko chini. "Dokta, si atapona tu? Wewe unataka nini zaidi ya apone?" Hilo swali lilinishinda. Nikamwambia anipe muda.

Nilimweleza mwenye duka bila kutaja jina. Akasema mteja anajua anachotaka, mimi kazi yangu ni kuuza, na nikimkatalia atavuka barabara aende duka la pili apewe bila hata kuulizwa. Akaongeza kwamba siku hizi naongea sana na wateja mpaka foleni inakuwa ndefu.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba yule dada namfahamu. Tunachota maji bomba moja, na Pasaka yeye ndiye aliyenisuka. Kila nikimwona tumbo linazidi kukua nashindwa kumtazama. Kuna wakati nataka nimvute pembeni nimwambie kila kitu. Je, nimpe mumewe dawa ili angalau apone? Nimwambie dada mwenyewe? Au ninyamaze tu, yasiyonihusu niyaache?

Mtoa dawa, Kilosa

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuomba muda kabla ya kufungua kabati. Nitakujibu kama mfamasia, na nitaanza na lile swali la kijana lililokushinda, kwa sababu lina jibu.

Aliuliza, "si atapona tu?" Hapana, hatapona. Alichodungwa zahanati kinaonyesha walimtibu kisonono, na kwa dalili hizo huwa wanatibu klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, pamoja nacho. Doksisaiklini ni dawa nzuri ya klamidia, lakini kisonono huwezi kuitegemea ikiondoe. Flagyl haigusi kisonono wala klamidia. Kwa hiyo huyo dada angemeza bahasha nzima mpaka mwisho, na kisonono kingebaki humo humo. Mumewe angeamini kazi imekwisha, angerudi kitandani, na baada ya muda usaha ungeanza upya. Angekuja tena dirishani kwako akilalamika kwamba dawa za siku hizi ni feki.

Halafu kuna mimba. Miezi mitano ndio wakati ambao meno ya mtoto yanajengeka tumboni, na doksisaiklini hung'ang'ania kwenye meno na mifupa inayokua. Mtoto anaweza kuota meno yenye madoa ya njano au kahawia yasiyosuguka. Ndiyo maana kwenye mafunzo ulikatazwa kumpa mjamzito. Dawa za kumtibu salama zipo, sindano ya seftriaksoni na vidonge vya azithromaisini, na mahali pa kuzipata ni zahanati, si kwenye bahasha yako.

Sasa tuutazame uongo wenyewe, maana nao unafanya madhara yake mwilini. Kama damu yake iko chini, huyo dada bila shaka amepewa FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, kliniki. Akiletewa vidonge vingine vya "damu", atafanya moja kati ya mawili. Ataacha FEFO akidhani hivi vipya ndivyo bora, na upungufu wa damu utaendelea mpaka siku ya kujifungua. Au atameza vyote kwa pamoja, na madini ya chuma yaliyo kwenye FEFO yatashikana na doksisaiklini tumboni, dawa ipite bila kuingia mwilini inavyotakiwa. Akisikia kichefuchefu ataviweka pembeni siku mbili tatu, maana nani anaogopa kuruka vidonge vya damu? Akitokwa na vipele hatajua vimetokana na nini. Nesi wa kliniki akimuuliza, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?", atajibu kwa moyo mweupe kabisa, "Za kuongeza damu tu", na nesi ataandika hivyo kwenye kadi. Kila mtu mwenye uwezo wa kumlinda atakuwa amepewa taarifa ya uongo, na aliyeiandika ni wewe, kwa mkono wako, juu ya bahasha.

Hii ndiyo maana ya ridhaa katika kazi yetu. Watu husikia ridhaa wakafikiria fomu ya kusaini kabla ya upasuaji hospitali ya mkoa. Dukani haina karatasi, lakini ni ile ile: anayemeza ajue anameza nini, kwa ugonjwa gani, inaweza kumfanya nini, kuna njia gani nyingine, na awe na nafasi ya kusema hapana. Wewe huwezi kujua kama huyo dada aliwahi kuvimba uso baada ya kumeza Septrin utotoni. Mumewe huenda hajui. Yeye anajua. Usipomuuliza yeye, umeuza dawa kwa kubahatisha, hata kama dozi umeihesabu sawasawa.

Najua kuna watakaosema mbona kuna nchi mgonjwa hupewa dawa ampelekee mwenza wake. Ni kweli. Marekani utaratibu huo upo kwa klamidia na kisonono, pale inapoonekana mwenza hatafika kliniki. Lakini dawa huenda na maelezo yake, na anayepelekewa huambiwa ni ya nini na achunge nini. Mjamzito hasa husisitizwa aende kuonana na mhudumu. Alichokuomba kijana hakifanani na hicho.

Kwa hiyo usimpe. Ila ukiishia kwenye "sitoi" utakuwa umefanya nusu ya kazi. Huyo kijana, pamoja na makosa yake, alikwenda zahanati, akamaliza dawa, na akafikiria afya ya mkewe kiasi cha kutafuta hela. Wapo wengi wanaopona wao wakanyamaza, mke akaja kugundua miaka baadaye anapotafuta mtoto wa pili na mirija imeshaziba. Huyu hofu imemzidi tu. Zungumza naye kama mtu anayeogopa.

Usingoje aje. Akipita na pikipiki yake mwite kama unavyomwita mteja yeyote, mkiwa wawili tu mwambie: "Kaka, ile dawa siwezi kukupa. Kwanza haitamtibu, pili itamdhuru mtoto. Nikikuandikia ni ya damu nitakuwa nimemdanganya mgonjwa, na hilo sifanyi kwa mtu yeyote. Lakini nitakusaidia apate ya kwake inayofaa." Kisha mweleze kinachoweza kutokea akinyamaza, bila kumtisha na bila kupunguza. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo asijidanganye kwamba mkewe mzima kwa kuwa halalamiki. Mimba inaweza kutoka kabla ya wakati. Mtoto anapopita njiani wakati wa kuzaliwa anaweza kuambukizwa macho, na macho hayo yasipotibiwa haraka anaweza kuwa kipofu. Baba mtarajiwa akilisikia hilo, mara nyingi aibu yake inapata mpinzani.

Mwambie pia jambo ambalo huenda zahanati walimwambia akiwa amechanganyikiwa: wasikutane kimwili mpaka mkewe naye ametibiwa na siku saba zimepita tangu wote wawili wapate dawa. Katika hizo siku atahitaji sababu ya kumwambia mkewe, na hapo ndipo ukweli utaanza kugonga mlango wenyewe.

Njia ya heshima ipo, na ni siku ya kliniki. Akina baba wanahimizwa kuwasindikiza wake zao, na wakienda pamoja hupimwa wote VVU na kaswende. Hakuna jirani atakayeshangaa kumwona mume amemleta mkewe mjamzito, watamsifu. Ila vipimo hivyo vya kawaida havitaonyesha kisonono, kwa hiyo kuongozana peke yake hakutoshi. Inabidi atangulie yeye, hata siku moja kabla, amwone yule mhudumu aliyemtibu na amwombe amsaidie kulisema wakiwa wote watatu chumbani. Wahudumu wanafanya hivyo mara kwa mara. Maneno magumu yakisemwa na mtu wa tatu, mwenye kujua ugonjwa na tiba yake, hupokelewa tofauti na yakisemwa usiku jikoni. Mwulize kijana kama anakuruhusu umpigie mhudumu huyo kumwandaa. Akikubali, piga simu mbele yake, asikie unachosema. Asipokubali, usipige.

Na kama atakuambia anaogopa ndugu wa mke watampiga, au ukahisi yeye mwenyewe ana mkono mwepesi kwa mkewe, hilo nalo mhudumu alijue kabla hajawakalisha pamoja. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa mambo yakifika huko.

Sasa yule dada. Naelewa kabisa unavyojisikia mkikutana bombani. Lakini usimvute pembeni. Alichokuambia mumewe alikuambia kama mgonjwa, watu wakiwa wameshaondoka, na kijiji kikijua kwamba mtoa dawa anaweza kwenda kusema kwa mke, hakuna mwanaume atakayekuja tena kwako akiwa na usaha. Watakwenda kununua antibiotiki kama sipro mnadani. Siri ya ugonjwa wa mumewe si yako kuitoa.

Hata hivyo kuna mstari hapa, na nataka ushike vizuri upande gani uko wapi. Ugonjwa wa mume ni siri ya mume. Kidonge kilicho mkononi mwa mke ni habari ya mke. Tuseme kijana amevuka barabara kama bosi wako alivyosema, akauziwa. Kisha siku moja dada anakuja kwako na vidonge vya rangi mbili kwenye kibahasha, anakuuliza, "Shoga, hivi ni vya damu kweli? Mbona havifanani na vya kliniki?" Hapo hunyamazi na hukwepi. Unamwambia: "Hivi si vya damu. Hii ni doksisaiklini, ni antibiotiki, na mjamzito hatakiwi kuitumia. Usimeze tena. Umekunywa vingapi? Nenda zahanati leo navyo hivi hivi mkononi, uwaonyeshe." Akiuliza kwa nini mumewe amempa, mwambie hilo amuulize mumewe, au waende pamoja zahanati. Hujatoa siri ya mtu, na hujamficha mgonjwa kinachoingia tumboni mwake.

Vivyo hivyo akija na shida yake mwenyewe, uchafu ukeni, maumivu chini ya kitovu, mkojo kuchoma, usimuuzie kitu cha UTI kimya kimya kwa kuwa wewe unajua siri. Mjamzito mwenye dalili hizo anastahili rufaa hata kama hungekuwa unajua lolote. Mwandikie, mpeleke.

Barua yako imenigusa mahali pengine pia, kwa sababu kisa hiki ni kikubwa lakini mbegu yake iko kila siku dirishani. Karibu nusu ya wanaokuja kwenye duka lako wametumwa, najua bila kuuliza. Mtoto katumwa amoksilini ya bibi. Mke katumwa dawa ya mume asiyetaka kuonekana. Shemeji anataka "vya buku tu". Tunazoea kumuuzia aliye mbele yetu kana kwamba ndiye atakayemeza. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu. Jizoeshe kusema, "Mpigie hapa hapa niongee naye." Dakika mbili zinatosha: ana nini, tangu lini, ana mimba au ananyonyesha, anatumia dawa gani, iliwahi kumdhuru dawa yoyote. Kisha mweleze yeye mwenyewe unachompa na sababu yake, na kama hahitaji antibiotiki mwambie hivyo pia, maana mafua na koo nyingi za kuwasha zinaletwa na virusi na zitapona kwa maji, mapumziko na panado. Ukishafanya hivyo mara kadhaa, watu watazoea, watakuja na maelezo tayari.

Na hiyo bahasha, tafadhali. Imekuwa kawaida kuandika 1×2 tu na kufunga. Andika jina la dawa. Andika ni ya nini ikiwa mgonjwa hana shida nalo lisomwe, maana wengine hawataki watu wa nyumbani wajue, na hilo muulize yeye. Andika siku ngapi. Ukikata pakiti kwa mkasi, acha upande wenye jina na tarehe ya mwisho wa matumizi uende na mgonjwa. Mtu akivimba usiku wa manane na kukimbizwa hospitali, kile kipande cha pakiti ndicho daktari atakachokiuliza kwanza.

Nimalizie na mwenye duka. Anaposema wewe kazi yako ni kuuza, hajaelewa biashara aliyoiombea kibali. Maduka haya yalipoanzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, kilichoyatofautisha na yale ya dawa baridi ni kwamba mtu anayekaa dirishani anapata mafunzo ya kuuliza, kueleza na kutoa rufaa, na kwa sababu hiyo akaruhusiwa kutoa baadhi ya antibiotiki. Ukiondoa kuuliza na kueleza, ile ruhusa haina msingi. Mkaguzi akikuta doksisaiklini imetolewa kwa mjamzito kwa jina la uongo, atakayeitwa mbele ya Baraza la Famasi ni wewe mwenye mwandiko, na duka lake halitabaki salama. Mwambie hivyo kwa adabu, siku ambayo hakuna mteja, na si kwa kubishana. Hoja yake ya foleni ina haki kidogo: panga kiti kimoja pembeni, mwenye maswali akae, mwenye panado apite.

Kuhusu kwamba atanunua ng'ambo ya barabara: anaweza. Hilo huwezi kulizuia kwa kufanya wewe kosa hilo hilo mapema zaidi. Lakini ukimweleza kijana kwamba dawa hiyo haitibu alichonacho mkewe, umempunguzia sababu ya kuvuka. Na kama mwenzako wa duka la pili mnasalimiana, kaeni siku moja mkubaliane kwa ujumla, bila kumtaja mtu, kwamba hakuna kati yenu anayetoa dawa ya magonjwa ya zinaa kwa mwenza asiyekuwepo.

Presha ikizidi, mtafute mfamasia wa wilaya. Mweleze kisa bila jina la kijana wala la mkewe, umwombe aje azungumze na mwenye duka, afadhali kabla kijana hajarudi kuchukua jibu lake.